Bwana Maxwell na Maji ya Mtungi

Katika toleo hili Mhariri ameniomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani. Nimemchagua mtu ambaye huenda wengi wenu hamjapata kumsikia akitajwa kanisani, ingawa alikuwa mcha Mungu kuliko wengi tunaowataja. Jina lake ni James Clerk Maxwell, Mskoti, mtaalamu wa fizikia na hesabu, aliyefariki mwaka 1879. Lakini kabla sijaanza habari zake, sina budi kuungama jambo.

Nilipokuwa bado nafundisha, siku moja niliwaeleza watoto wa darasa la tano kwamba maji ya mtungi huwa baridi kwa sababu udongo ni kitu baridi kwa asili yake. Msichana mmoja akanyosha mkono. Akasema kwamba kwao, hapa hapa Ngamiani, mama yake aliupaka mtungi rangi ya mafuta ili upendeze kwa sikukuu, na tangu siku ile maji yake hayapoi tena, ingawa udongo ni ule ule. Nilimwambia aketi, tusipoteze muda. Darasa zima likacheka. Ilipita miaka mingi ndipo nikasoma vizuri kazi za Bwana Maxwell, nikafahamu kwamba mtoto yule alikuwa na fizikia ya kweli mkononi mwake, na mwalimu wake hakuwa nayo.

Basi, James alizaliwa mjini Edinburgh tarehe 13 Juni 1831, mtoto pekee aliyebaki wa Bwana John Clerk Maxwell na mkewe Frances. Baba alikuwa mwanasheria ambaye hakuipenda sana sheria. Alipenda mashine na shamba lake la Glenlair, kusini magharibi mwa Uskoti, na huko ndiko mtoto alikokulia. Baba alikuwa wa Kanisa la Kipresbiteri la Uskoti. Mama alitoka katika ukoo wa Kiaskofu, yaani Waanglikana kama sisi, na mtoto alizoea ibada za pande zote mbili.

Mama ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza. Alimfundisha kusoma na kukariri Maandiko, na inasimuliwa kwamba alipofikia umri wa miaka minane James aliweza kuisema yote kwa kichwa Zaburi ya 119, yenye aya 176. (Nawaomba wanakwaya wetu wasikasirike nikiwakumbusha jambo hili.) Tena alikuwa mtoto wa kuuliza. Kila kitu chenye kusogea alitaka aambiwe kinavyofanya kazi, na akipewa jibu la juu juu aliuliza tena, mpaka watu wakachoka. Alifuata nyaya za kengele ukutani ajue zinapitia wapi, na maji ya kijito ajue yanatoka wapi.

Mwezi Desemba 1839 mama huyo akafa kwa ugonjwa wa saratani ya tumbo. James alikuwa na miaka minane. Baba akamwekea kijana mmoja awe mwalimu wa nyumbani, na kijana yule akaamua kwamba mtoto ni mzito wa akili. Alimpiga kwa rula kichwani, akamvuta masikio mpaka yakatoka damu. James hakumwambia baba yake. Ndugu wa upande wa mama ndio waliogundua, na mwaka 1841 akapelekwa shule ya Edinburgh, akikaa kwa shangazi yake.

Huko nako mambo hayakuwa mepesi. Alifika shuleni na nguo alizobuniwa na baba yake, na viatu vya ncha mraba, akisema kwa lafudhi ya shamba. Wenzake walimzunguka siku ya kwanza, wakampasulia nguo, na wakampa jina la utani lenye maana ya punguani. Jina likamganda kwa muda mrefu. Lakini alipokuwa na umri wa miaka 14 aliandika makala juu ya namna ya kuchora maumbo ya yai kwa uzi na pini, na mwaka 1846 makala hiyo ilisomwa mbele ya Chama cha Kifalme cha wanasayansi wa Edinburgh. Ilisomwa na profesa kwa niaba yake, kwa maana mwandishi mwenyewe alikuwa mdogo mno kusimama mbele ya wazee wale.

Nikifika hapa, moyo wangu hurudi kwenye mkoa wetu. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba kule Lushoto, kijana wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Akiogopa kukosa nafasi katika jokofu, aliweka maziwa yake yangali moto. Baadaye akaona yake yameganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa, na alipoendelea kuuliza kule Mkwawa, Iringa, alichekwa. Lakini Dk. Denis Osborne, aliyekuja kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi, hakumcheka, alikwenda akajaribu. Mwaka 1969 wakaandika makala pamoja katika jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia, na jambo lile likaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Wataalamu bado wanabishana: wengine wameliona katika majaribio yao, wengine wamelitafuta wasilione. Nami silitaji ili niamue nani ana haki. Nalitaja kwa sababu ya kicheko.

Tumrudie Maxwell. Baada ya miaka mitatu katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, mwaka 1850 alikwenda Cambridge, chuo ambacho jina lake si geni kwetu, kwa maana ni kimojawapo cha vile vilivyoanzisha Misheni ya Vyuo Vikuu iliyoleta Injili Magila na pwani yetu hii. Alimaliza mwaka 1854 akiwa wa pili katika mtihani mkuu wa hesabu. Kabla ya hapo, mwaka 1853, aliugua vibaya kwa kusoma kupita kiasi. Ugonjwa ulimkuta nyumbani kwa padre mmoja huko Suffolk, mjomba wa rafiki yake, na watu wa nyumba ile walimuuguza kama mtoto wao kwa majuma mengi. Upendo aliouona pale uliigusa imani yake mpaka ndani. Alikuwa Mkristo tangu utotoni, lakini toka siku zile Ukristo wake ulikuwa kitu alichokipokea yeye mwenyewe, si urithi tu.

Mwaka 1856, akiwa na umri wa miaka 24, alifanywa profesa katika Marischal College, Aberdeen. Mwaka huo huo baba yake alifariki. Huko Aberdeen alimwoa Bi. Katherine Mary Dewar, binti wa mkuu wa chuo, tarehe 2 Juni 1858. Bi. Katherine alimzidi kwa miaka saba. Hawakujaliwa watoto. Tutamwona mama huyu tena mbele kidogo, maana bila yeye sehemu moja ya fizikia isingefanyika.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, yaani joto. Watu wa zamani walidhani joto ni kimiminiko fulani kisichoonekana, kinachopita kutoka kitu cha moto hadi kitu baridi kama maji yapitavyo kutoka ndoo hadi ndoo. Katikati ya karne ya 19 wazo hilo lilikuwa limekwisha kuanguka. Wataalamu kadhaa, hasa Joule wa Uingereza na Clausius wa Ujerumani, walionyesha kwamba joto ni mwendo. Kila kitu kimeundwa kwa vipande vidogo sana viitwavyo molekuli. Katika kitu kigumu molekuli zinatetemeka mahali pake. Katika maji zinateleza moja juu ya nyingine. Na katika gesi, kama hewa tunayovuta, zinaruka huru huku na huku, zikigongana zenyewe kwa zenyewe na kugonga kuta za chombo. Mapigo hayo ukutani ndiyo kanieneo ya gesi. Ukijaza baiskeli upepo, mpira hausimami kwa sababu hewa ndani yake imelala pale kama pamba. Unasimama kwa sababu unapigwa kutoka ndani na molekuli zisizo na idadi, bila kukoma.

Na kwa nini pampu huwa moto mkononi? Mji wetu ni mji wa baiskeli, kwa hiyo kila mtu amelihisi. Mpira wa miguu ukigonga ukuta hurudi kwa mwendo ule ule au pungufu. Lakini ukikutana na mguu unaoujia, hurudi kwa kasi zaidi. Molekuli za hewa ndani ya pampu zinakutana na kizibo kinachozijia. Zinarudi kwa kasi zaidi, na kasi hiyo ndiyo joto unalolihisi.

Wazo hili lilikuwa na wapinzani, na hoja yao moja yafaa sana kusimuliwa katika gazeti la kanisa. Ikiwa molekuli za gesi zinakwenda kasi kama risasi, kwa nini harufu ya kitu kinachofukizwa upande mmoja wa chumba inachelewa kufika upande wa pili? Padre anapotia uvumba katika chetezo penye altare, aliyeketi benchi la nyuma karibu na mlango haupati mara moja. Hesabu inaonyesha kwamba molekuli ya hewa katika joto letu la hapa huenda kwa wastani karibu mita 480 kwa sekunde, kasi kuliko sauti. Kama ingepata njia tupu ingefika Muheza kwa chini ya dakika mbili. Iweje isifike benchi la nyuma?

Clausius alijibu mwaka 1858: haipati njia tupu. Inagongwa kila wakati na kugeuzwa. Ni kama mtu anayetaka kukatiza soko la Mgandini mkesha wa sikukuu. Miguu yake ina nguvu, lakini kila hatua anakutana na bega la mtu. Mengi ya uvumba tunaousikia kule nyuma huletwa na upepo wa madirishani, si na molekuli kupenya peke yake.

Maxwell alisoma makala ya Clausius mwaka 1859, akaona kwamba kuna jambo kubwa ambalo mwenzake hakuligusa. Clausius alifanya hesabu zake kana kwamba molekuli zote katika gesi zinakwenda kwa mwendo mmoja. Maxwell akasema haiwezekani. Zinagongana kila dakika. Nyingine zitapata kasi, nyingine zitapungukiwa. Kuzifuata moja moja hakuna awezaye, kwa maana katika sentimita moja ya ujazo wa hewa mna molekuli zipatazo 25 ikifuatwa na sifuri 18. Lakini mtu akipima urefu wa vijana elfu moja, hawezi kutabiri urefu wa fulani, ila anaweza kusema ni wangapi watakuwa wa kimo cha kati, wangapi wafupi sana, na wangapi warefu sana. Hesabu za namna hiyo zilikuwa zimetumiwa na Mbelgiji aitwaye Quetelet kwa vipimo vya miili ya watu. Maxwell akazitumia kwa molekuli. Akapata kanuni inayoonyesha ni sehemu gani ya molekuli itakuwa na mwendo gani: nyingi ziko karibu na wastani, chache ni za polepole, na chache nyingine ni za kasi mno. Gesi ikipashwa joto wastani unapanda, na zile za kasi mno zinaongezeka. Kanuni hiyo ilisomwa mbele ya mkutano wa wanasayansi uliofanyika Aberdeen mwezi Septemba 1859, ikachapishwa mwaka 1860. Ilikuwa mara ya kwanza kwa sheria ya maumbile kuandikwa kwa hesabu ya makundi badala ya hesabu ya kitu kimoja kimoja.

Haya ndiyo maelezo ya mtungi. Molekuli za maji nazo hazilingani mwendo. Mtungi una vitundu vidogo visivyoonekana, na maji hupenya polepole mpaka nje, ndiyo maana unatoa jasho. Pale juu ya ngozi ya mtungi, molekuli za kasi kuliko wenzake ndizo zinazoweza kujinasua na kuruka hewani. Zinazobaki ni zile za mwendo mdogo. Wastani wa mwendo unashuka, na wastani huo ndio tunaoupima kwa kipimajoto na kuuita jotoridi. Maji yanapoa. Upepo wa kusi ukivuma unazichukua zile zilizotoka zisirudi, na maji yanapoa zaidi. Paka mtungi rangi ya mafuta, vitundu vinazibwa, hakuna jasho, hakuna za kasi kutoka, na maji yanabaki kama hewa ya chumba. Udongo hauna ubaridi wowote wa asili. Yule msichana alikuwa amefanya jaribio zuri kuliko lolote nililolifanya darasani mwaka ule.

Niongeze neno kwa ajili ya vijana wa sekondari. Jotoridi na wingi wa nishati ya joto si kitu kimoja. Kikombe cha chai ya moto kina jotoridi kubwa kuliko bahari pale Raskazone, lakini bahari ina nishati ya joto kubwa kupita kiasi, kwa vile molekuli zake ni nyingi mno. Tena nyuzi 60 za Sentigredi si mara mbili ya nyuzi 30. Sifuri ya kweli, mahali ambapo gesi isingekuwa na joto la kutoa tena, iko nyuzi 273 chini ya sifuri tuliyoizoea. Ukitaka molekuli za hewa yenye nyuzi 30 ziwe na nishati ya mwendo mara mbili, sharti uipashe mpaka nyuzi 333.

Katika makala ile ya 1860 hesabu za Maxwell zilimpa jambo moja la ajabu. Mnato ni ile hali ya kitu kuzuia mwendo ndani yake; asali ina mnato mwingi, maji kidogo, hewa kidogo zaidi. Kila mtu angedhani kwamba hewa nyembamba ina mnato mdogo kuliko hewa nzito. Hesabu ikasema hapana, mnato ni ule ule. Sababu yake ni hii. Molekuli ni kama wapagazi wanaohamisha mwendo kutoka tabaka moja la hewa hadi lingine. Ukipunguza wapagazi kuwa nusu, kila mmoja anapata nafasi ya kwenda mara mbili ya mbali kabla ya kugongana, na mzigo anaouleta ni mkubwa mara mbili. Jumla inabaki pale pale. Maxwell mwenyewe alistaajabu, na aliandika makala ile akitazamia kwamba huenda jaribio litaiangusha nadharia yote. Hata hivyo hakulificha jambo lile. Alilichapisha kusudi lijaribiwe.

Mwaka 1860 haukuwa mwema kwake. Vyuo viwili vya Aberdeen viliunganishwa, akabaki hana kazi. Akashikwa na ndui, na Bi. Katherine akamuuguza karibu peke yake. Alipopona wakahamia London, ambako alifundisha King's College, chuo kilichoanzishwa na watu wa Kanisa la Uingereza mwaka 1829. Miaka mitano aliyokaa huko ilizaa mengi, pamoja na nadharia ya umeme na sumaku na nuru ambayo juu yake zimejengwa redio na televisheni. Sitaieleza hapa, inahitaji toleo zima, na mwandishi mwingine.

Lakini jaribio la mnato alilifanya nyumbani, katika chumba cha darini cha nyumba yao ya Kensington. Alitundika visahani vya kioo kwa waya ndani ya chombo, akavifanya vizunguke mbele na nyuma, akatoa hewa kwa pampu kidogo kidogo, na kila mara akahesabu mwendo ule unachukua muda gani kutulia. Kama hewa nyembamba ingekuwa na mnato mdogo, visahani vingezunguka muda mrefu zaidi. Ilitakiwa pia chumba kiwe moto sana kwa siku kadhaa, kisha kiwe baridi. Moto mkubwa uliwashwa katikati ya majira ya joto, mabirika yakachemshwa mvuke ujae chumbani, na aliyekuwa akichochea moto ni Bi. Katherine. Baadaye yakaletwa mabarafu. Naomba akina mama wa parishi wamfikirie mwenzao huyu, mke wa profesa, akitoka jasho penye makaa ili mumewe ajue kama amekosea.

Hakukosea katika hilo. Visahani vilitulia kwa muda ule ule, hewa ikiwa nyingi au ikiwa chache. Maxwell alitoa taarifa mbele ya wanasayansi wa Chama cha Kifalme cha London mwezi Februari 1866, na watu wengi waliokuwa na shaka wakaanza kuziamini molekuli. Lakini jaribio lile lile la darini lilionyesha pia kwamba alikuwa amekosea jinsi mnato unavyoongezeka joto likipanda. Akakubali, akaiandika nadharia upya, na kuichapisha mwaka 1867.

Na liko kosa jingine ambalo hakuweza kulitengeneza. Gesi ikipashwa joto huku imeachwa ipanuke inahitaji joto jingi kuliko ikiwa imefungwa. Uwiano wa viwango hivyo viwili ulipimwa kwa hewa ukawa 1.408. Nadharia ya Maxwell, ikizihesabu molekuli zinazoruka na kujizungusha, ilitoa 1.333. Tofauti ni ndogo machoni petu, na mtu mwingine angeiweka chini ya zulia. Yeye aliitangaza mbele ya watu tangu mwanzo, akasema wazi kwamba hata kama mengine yote yanapendeza, hili peke yake linatosha kuiangusha nadharia nzima. Miaka yote iliyobaki aliendelea kuitaja kuwa shida kubwa kuliko zote. Ndiyo sehemu ya maisha yake ninayoipenda kuliko nyingine, kwa sababu sisi walimu tunajua jinsi ilivyo vigumu kusimama mbele ya watu na kutaja mahali ambapo somo letu linavuja.

Mwaka 1865 aliacha kazi ya London akarudi Glenlair. Aliongoza sala za nyumbani kila siku pamoja na watumishi wake, akawa mzee wa kanisa kule Corsock, na alikwenda kuwatazama wagonjwa wa kijijini. Tangu Cambridge na Aberdeen, na hata London, alikuwa akifundisha madarasa ya jioni kwa wafanyakazi wa kawaida, bila kujali uchovu. Nimeahidi kusema kweli, kwa hiyo niseme pia kwamba darasani hakuwa mwalimu mzuri. Mawazo yalimjia mbio kuliko maneno, alikosea alama ubaoni, na wengi hawakumfuata. Wachache waliomfuata hawakumsahau kamwe.

Watu wengi hapa kwetu huniuliza kama sayansi ya namna hii haizimi imani. Maxwell hakuona hivyo, lakini tena hakupenda kuifunga imani kwenye sayansi. Mwaka 1876 Askofu Ellicott wa Gloucester na Bristol alimwandikia kumuuliza kama ile nuru iliyoumbwa kabla ya jua, katika Mwanzo sura ya kwanza, ingeweza kuelezwa kwa etha, kitu ambacho wanasayansi wa siku zile waliamini kuwa kimejaa anga zote. Ingekuwa rahisi kumfurahisha Askofu. Maxwell alimjibu kwa heshima kwamba ingemsikitisha kuona Maandiko yakifungwa kwenye dhana ya wakati huo, kwa kuwa dhana za sayansi hubadilika upesi kuliko ufafanuzi wa Biblia, na ufafanuzi uliojengwa juu ya dhana ungeweza kuifanya dhana hiyo ibaki juu ya ardhi muda mrefu baada ya kustahili kuzikwa. Miaka thelathini baadaye wanasayansi walianza kuiacha ile etha, na leo hakuna anayeifundisha.

Mwaka 1871 aliitwa Cambridge kuwa profesa wa kwanza wa fizikia ya majaribio na kusimamia ujenzi wa maabara ya Cavendish, iliyofunguliwa mwaka 1874. Juu ya mlango wake mkubwa yalichongwa kwa Kilatini maneno ya Zaburi ya 111, aya ya pili, juu ya ukuu wa matendo ya Bwana na watu wanaoyatafuta. Wanafunzi waliopita chini ya mlango ule wakatoka na ugunduzi wa elektroni na mengine mengi.

Bi. Katherine alikuwa akiugua mara kwa mara miaka hiyo. Wakati mmoja Maxwell hakulala kitandani kwa majuma matatu; alilala kitini kando ya mkewe usiku, na mchana akaendesha maabara. Kumbe naye alikuwa na ugonjwa wake, na alikaa nao muda mrefu kabla ya kumwambia mtu. Ulikuwa saratani ya tumbo, ule ule uliomwua mama yake, tena katika umri kama ule wa mama. Alipoambiwa kwamba amebakiwa na majuma machache, fikira yake yote ilikuwa ni nani atamtunza mkewe. Padre wa Kianglikana wa pale Cambridge alimletea Ushirika Mtakatifu kitandani. Alifariki tarehe 5 Novemba 1879, ana umri wa miaka 48, akazikwa Parton, karibu na Glenlair. Mkewe alizikwa hapo hapo mwaka 1886.

Ile tofauti ya 1.333 na 1.408 ilikaa bila jibu mpaka karne ya 20, fizikia mpya ya Planck na Einstein ilipoonyesha kwamba molekuli haiwezi kujizungusha au kutetemeka kwa kiasi chochote ipendacho, bali kwa vipimo maalumu tu. Wakati huo ndipo ilipofahamika kwamba hesabu ya Maxwell haikuwa na kosa la kujumlisha. Ilikuwa imegonga ukingo wa fizikia yote ya siku zake, na yeye alikuwa amepaonyesha mahali penyewe kwa kidole.

Mwaka jana nilimkuta yule msichana sokoni. Sasa ni mtu mzima, ana wajukuu. Nikamweleza habari ya mtungi na kumwomba radhi. Hakukumbuka hata kidogo kwamba nilimketisha. Aliniuliza tu kama rangi ile inaweza kukwanguliwa, maana mtungi wa marehemu mama yake bado upo uani. Nikamwambia ajaribu kwa msasa, kisha aje anieleze.